Minazi Mitatu Nyuma ya Chuo

Kaeni wanangu, na mlango uacheni wazi, nimwone anayesikiliza nje. Ame, kile kibati cha wino ulichokificha nyuma ya mto wangu nimekiona. Nilisoma hadi kidato cha nne, naandika jina langu tangu hujazaliwa. Anayetaka alama ya dole gumba langu anangoja nilale, hangoji nikubali.

Mjomba wenu Othman, Mungu amrehemu, alikuwa wakili, na hakunifanyia hivyo. Alipotaka kiwanja cha Kiuyu tulichoachiwa na baba yetu tukiweke wakfu kwa chuo kilichomfundisha Kurani kabla ya sheria, nilimshuku. Nikasema kikulacho ki nguoni mwako, huyu kasoma bara, atanipokonya kwa karatasi. Siku tatu nikaisoma hati neno kwa neno, naye kaketi barazani. Nikamwuliza, "Huna kesi leo?" Akacheka. "Kesi yangu ni wewe, dada. Soma. Usiponishuku wewe, atanishuku nani?"

Nikatia saini, lakini kila msimu nilikwenda kuchungulia. Nilimkuta ama anawaandikia watu wa Msuka mashauri yao ya mipaka, ama kakunja suruali anasugua birika la kutawadhia la chuo. Alikufa bila kupanda pale hata mpapai, na mnajua kwa nini: kwetu ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na mwenye mti hakosi siku ya kuidai ardhi.

Juzi mwalimu wa chuo alikuja kunijulia hali, akaitaja kwa adabu minazi mitatu michanga iliyopandwa kule nyuma, huku akinitazama usoni. Alidhani nimetuma mimi. Minazi haitembei, wanangu.

Mwanabaraka, hati ya wakfu imo sandukuni, chini ya sanda yangu. Mpe mwalimu leo, mkononi mwake, usimpe kaka yako akushikie. Nyumba na shamba la Micheweni gawaneni kwa sharia, wala msiulizane nani aliniuguza zaidi. Nipe maji... basi, yatosha.

Radhi yangu, Mwanabaraka, unayo duniani na akhera. Ame, wewe ndiye mwanangu wa kwanza, na yako ipo, ila nimeizuia. Nenda Kiuyu ukaing'oe minazi ile kwa mikono yako, mchana huu, watu wakuone, ukaipande kwako. Kisha rudi unioneshe kucha zako. Usikae kujitetea, baba. Mimi nitajikaza... nenda. Pumzi hazikungoji.