Benchi la Nyuma

Kwenye basi la Handsworth, Uingereza, mzee Egbert alijifanya anatazama mvua. Mbele yake, akina mama wawili waliojuana kituoni walibishana kuhusu tamthilia ya jana, ya wanaume wawili wazee wa Kijamaika waliopendana kwa siri miaka arobaini.

"Babu mzima, na wajukuu wote wale. Si angekufa na siri yake tu, dada?" alisema mwenye kofia ya kanisani.

"Kaka yangu alikufa nayo," mwenzake akajibu. "Mazishini rafiki yake alikaa benchi la nyuma. Hakuna aliyempa pole, hata mimi."

"Sasa ungefanyaje?"

Basi likasimama. Kituoni alikuwa akingoja Lascelles, ambaye majirani walimjua kama mpangaji wa Egbert tu. Egbert akashuka, akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya barabarani.