Fundi Twalib na Majeruhi Wawili wa Njia ya Butiama

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi Twalib Hamduni wa Kamunyonge, hapa Musoma. Tulimzika Ijumaa, baada ya sala. Wengi mlimjua kama fundi mwenye jicho moja. Leo nawasimulia jinsi alivyolipoteza lile jingine.

Turudi mwaka themanini na nne. Mnaikumbuka miaka ile. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na petroli ndiyo haikuonekana kabisa. Mzee Machage, mkulima wa pamba wa Bunda, alikuwa na pikapu ya petroli iliyolala uani. Kuku walikuwa wanatagia ndani yake. Dizeli angalau ilipatikana kidogo, kwa ajili ya matrekta ya pamba. Twalib akamwambia, "Mzee, tuing'oe hii injini. Tuweke ya dizeli."

Injini aliitoa kwenye basi dogo lililopinduka. Ilikuwa nzito kuliko ile ya zamani. Twalib akachomelea vishikizo vipya, akaongeza springi za mbele, akachonga bamba la chuma ili injini ishikane na giaboksi. Na hapa, wasikilizaji, nisikilizeni vizuri. Gari la petroli ukizima ufunguo, linakufa. Dizeli ya namna ile ikishawaka haiujali ufunguo. Kuizima, Twalib aliweka waya chini ya dashibodi. Ukiuvuta, mafuta yanakatika. Rejeta tu, ya maji ya kupoza injini, ndiyo ilibaki ileile ndogo ya zamani. Kubwa haikupatikana.

Pikapu ikatembea. Siku moja mchana, Twalib na Machage walitoka Butiama kuja Musoma, nyuma wamepakia magunia ya mahindi. Ulikuwa mwaka wa njaa. Kwenye kona wakatokea majambazi. Mmoja ana bunduki, wengine wana mapanga.

"Shukeni!"

Machage akakataa. Panga likashuka kwenye mkono wake, mfupa ukaonekana. Twalib, akiwa bado kwenye usukani, akapigwa kitako cha bunduki mdomoni, meno yakamwagika. Mwenye bunduki akachomoa ufunguo, akautupa porini, wenzake wakapanda juu ya magunia. Lakini injini ikaendelea kunguruma. Yule jambazi akashangaa. Akaja mbele ya gari, akainama kutazama.

Twalib akaingiza gia, akakanyaga mafuta.

Gari lilimgonga, likampanda miguu yote miwili. Wale wa juu ya magunia waliruka, wakakimbia. Yeye alibaki barabarani, anapiga mayowe.

Twalib akasimama.

"Mura, kijana wangu, twende!" Machage alifoka, shati limezungushwa mkononi, damu inatiririka. "Mwache afe!"

"Nimemvunja mimi, mzee. Nitamfikisha mimi."

Akamnyanyua yule mtu, akamlaza juu ya magunia. Wakaondoka, majeruhi mmoja mbele, mmoja nyuma.

Hawakufika mbali. Rejeta ile ndogo ikachemka. Ilibidi wasimame kwenye kijiji kimoja kuomba maji. Watu wakauona mkono wa Machage. Kisha wakamwona yule wa nyuma.

"Jambazi! Mshusheni!"

Wakaanza kumvuta kwa miguu ile iliyovunjika. Mawe yakaanza. Twalib akarukia nyuma, akamkumbatia yule mtu, akamfunika kwa mwili wake. Jiwe moja likampata usoni. Jicho likapasuka palepale. Wasikilizaji, hakumwachia. Watu walipoona damu ile, ya mtu asiye na kosa, mikono yao ikalegea. Mama mmoja akamimina maji kwenye rejeta. Twalib akaendesha kwa jicho moja mpaka hospitali.

Mkewe, Mama Siwema, aliniambia: "Nilimkuta amefungwa bandeji kichwa kizima. Kitu cha kwanza mume wangu aliniuliza, yule mwingine anapumua?"

Alikuwa anapumua. Alipona, akafungwa jela, na hakuja kamwe kusema ahsante. Machage alikatwa mkono hospitalini. Baadaye biashara zikafunguliwa, petroli ikarudi, vipuri vikajaa madukani. Twalib aliendelea kuchomelea. "Ila watoto wakirusha mawe," anasema Mama Siwema, "alikuwaga anaingia ndani."

Machage alikuja mazikoni kutoka Bunda. Nilimuuliza kama walipatana.

"Sijamsamehe," akasema. "Alimpakia mmoja wa watu walionikata, kwenye gari langu, wakati mimi natokwa damu. Lakini gari likiharibika sikulipelekaga kwa fundi mwingine."

Kisha akashika koleo kwa mkono wake mmoja, akatupia udongo.

Mama Siwema, mwanao Mwanaupe, na ndugu wote wa Kamunyonge, poleni sana. Mungu amrehemu fundi wetu. Nasi tuliobaki tujiulize: siku ile, kwenye kijiji kile, ungesimama upande gani?

Na wewe uliyerusha lile jiwe, huenda unanisikiliza. Mama Siwema amenipa ujumbe nikufikishie. Anasema matanga bado hayajaanuliwa. Njoo ukae nao. Hakuna atakayekuuliza jina.