Wasifu wa Mama Mapazia, Aliyetafuta wa Kumsemesha Mumewe

Mama yetu mpendwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mapazia, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne wa fundi viatu na mkewe. Alikuwa mtoto wa maneno mengi. Bibi alisema huyu binti alianza kuongea kabla ya kutambaa, na tangu hapo hakumpa mtu nafasi.

Alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1972. Masomo aliyapenda, ila babu aliugua na ada ikawa kitendawili. Mwaka 1975 aliingia karakana ya mapazia, akaanza kwa kupiga pindo, akaishia msimamizi wa meza ya kukatia. Wateja walimpenda kwa sababu hakuwa akifunga mdomo: atakuuliza dirisha linaelekea wapi, jua linaingia saa ngapi, na jirani yako anachungulia au hachungulii.

Desemba 1981 alifunga ndoa na baba yetu, karani wa ghala, mtu mpole asiye na maneno mengi. Jamani, walipendana. Jioni mama alipiga soga, baba akicheka tu, kisha anamwambia, "Mke wangu, pumua kwanza."

Mwaka 1999 baba alipunguzwa kazini, akaficha. Kila asubuhi alivaa, akatoka, akashinda kwenye benchi nje ya posta. Mama alipogundua alichanganyikiwa, akamwendea wifi yake: "Wifi, kaka yako anaumia na hataki kusema. Nisaidieni." Wifi, kwa nia njema, akaitisha kikao cha ndugu. Baba aliketi mbele ya wadogo zake, kichwa chini. Waliporudi nyumbani alimwambia mama, "Umenianika. Sina neno na wewe tena." Naye ni mtu wa kushika kauli yake, hapo ndipo penye balaa.

Kuanzia siku ile watoto wakawa wajumbe. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie mama yako nimeshiba." Nao wawili wamekaa meza moja! Hata watoto walipohama, mama alimpigia binti yake mkubwa mji mwingine: "Mwambie baba yako hajafunga geti." Binti anampigia baba, geti linafungwa. Wageni walicheka. Mama naye alicheka, halafu akiingia jikoni analia.

Alitafuta msaada mpaka akachoka. Wazee wa familia walimwambia avumilie. Viongozi wa dini waliwaombea. Mwisho alimpata mshauri wa ndoa, kwenye chumba kidogo nyuma ya zahanati, na baba, kwa mshangao wa wote, akaja na shati lililopigwa pasi. Akamgeukia mshauri: "Mwambie huyu mama sina kinyongo naye."

Mama akaruka: "Muulize basi, mbona hanisemeshi?"

"Mwambie sijui nianzie wapi."

Yule mshauri, mama wa watu, akajikuta naye anabeba ujumbe. Ndipo akawaagiza watoto waache kabisa kazi hiyo. Wazazi wakikosa mjumbe, alisema, watasemezana wenyewe. Watoto wakaacha. Nyumba ikanyamaza kabisa.

Mapema mwaka 2021 tumbo lilianza kumsumbua mama, akanyamaza nalo. Agosti, hospitalini, walimkuta na uvimbe uliokwisha kuenea. Binti yake mkubwa alimuuliza, "Mama, kwa nini hukumwambia mtu?" Alijibu bila hasira, "Mlisema hambebi ujumbe tena."

Baba alikuja kila siku. "Nesi, muulize kama amekula." "Mzee, si huyu hapa? Muulize." Baba anakunjakunja kofia yake. Mwishowe nesi mwenyewe anachoka, anauliza.

Mama alifariki asubuhi ya tarehe 9 Oktoba 2021. Baba alikuwa amemshika mkono, midomo yake ikicheza bila sauti.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na wifi yake ambaye tunamsihi asijilaumu. Jana, kabla wasifu huu haujapelekwa kuchapwa, baba aliombwa aongeze neno lake. Alivua kofia. Kisha akamwambia binti yake mkubwa, "Mwambie mama yako hasira ziliniisha mwaka uleule wa kikao. Iliyobaki ni aibu."

Binti huyo ndiye anayewasomea. Amelibeba neno hilo hadi hapa, na hajui amkabidhi nani.

Apumzike mama yetu, na huko aliko apate wa kuongea naye.