Fundi Kiu Anazima Mtambo

Kuna jambo nimemficha Fundi Kiu kwa miaka sita. Tarehe thelathini mwezi huu anastaafu baada ya kulitumikia jeshi miaka thelathini na minne, na mimi, niliyekuwa rubani wa enzi zake na baadaye mkuu wake, sina tena afya ya kuendelea kulificha.

Kwa wasiomfahamu, Kiu ndiye fundi wa lori lenye mtambo wa redio wa kuongozea ndege. Kikosi kikihama, lori nalo linahama. Analiegesha kilimani, anasimamisha mlingoti, anawasha jenereta, na mtambo unaanza kurusha herufi mbili zilezile kwa milio mifupi na mirefu. Rubani hata akimezwa na mawingu, mshale ulio mbele yake unageukia lilipo lori, naye anajua nyumbani ni wapi.

Sheria ya kwanza ya kazi hiyo ni kuzima mtambo kabla gurudumu halijasogea. Mwaka wake wa kwanza, Kiu alisahau. Aliondoka na lori kwenda kisimani huku mtambo ukilia. Aliyekuwa angani ni mimi. Niliufuata mshale kwa utiifu wote mpaka nikajikuta nazunguka juu ya akina mama waliokuwa wakifua nguo.

“We fundi, mbona mnara unatembea?” nilifoka redioni.

“Samahani, afande. Ulishikwa na kiu.”

Adhabu aliipata, na jina likamganda.

Lakini ni huyuhuyu ambaye jenereta ilipomzimikia, na ndege yenye majeruhi ikiwa imepotelea kwenye vumbi, aliunganisha mtambo na betri ya lori, akawasha injini na kukanyaga mafuta mpaka ndege ikatua. Mguu ulikufa ganzi. Tulimshusha kama gunia, anacheka.

Kazi ile ina upweke wake. Mtambo unasema tu, hausikii. Lori hukaa mbali na kambi, na watoto wa Kiu walikua wakimjua zaidi kwa picha. Redio ya mazungumzo ilipoondolewa kule kilimani, hakuwa tena na namna ya kujua kama kuna anayemfuata. Ndiyo maana kila alipokuja kunijulia hali, nikiwa nimeshastaafu, aliniuliza, “Afande, hivi bado wananisikia?”

“Wanakusikia, Kiu. Wanakutegemea.”

Basi alikuwa akiinuka kitini amenyooka kama aliyepandishwa cheo jana. Mwaka juzi mkewe alimsihi astaafu mapema, arudi nyumbani. Alikataa. Alisema hawezi kuwaacha watu angani.

Fundi Kiu, kikosi kizima kinakushukuru, nami kuliko wote. Nenda kwa mkeo. Lala mpaka jua likufikie kitandani, wajukuu wakusumbue mpaka uwakimbie, na siku zako zilizobaki ziwe nyepesi.

Na shemeji yangu, mkeo, anisamehe akiweza. Ndege zetu zote zilifungwa vifaa vya satelaiti miaka sita iliyopita, na mtambo ukaachwa uwake kwa tahadhari tu. Tangu hapo hakuna rubani aliyeutafuta. Ila mimi, nilipobaki mjane, niligundua kwamba redio yangu ya zamani, mshale wake ukisogezwa hadi mwisho kabisa, inazinasa zile herufi mbili. Nimekuwa nikiziacha zilie mle chumbani kutwa nzima. Kiu, aliyekuwa akikusikia ni mimi peke yangu.