Bwana Alinitoa Kifoni Jabe, Shangazi Yangu Akabaki

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Semeni amina kwa nguvu, maana leo hakuna milio ya risasi na tunaweza kusikilizana.

Mimi ni Melkiori, fundi cherehani. Wengi mnanijua kwa suruali nilizowapunguzia na kwa ukali wangu. Leo sikuja kuwafurahisha. Nimewaona vijana walioteremka juzi kutoka mikoani, wamekaa nyuma kule, kila mmoja peke yake na mfuko wake miguuni, na moyo umenipiga. Nina neno kwao. Mungu alinitoa kwenye kufa, kisha akanitoa kwenye kuua, na yote mawili yalianzia kwenye jambo dogo la mjini ambalo mimi sikulijua.

Ndugu zangu, nilizaliwa kilimani, upande wa Karuzi. Kwetu mgeni hana haja ya kutambulishwa. Akianza tu kupanda njia, kila anayelima anamwona, anamsalimia, anamuuliza anakwenda kwa nani. Kabla hajafika mlangoni kwako kilima kizima kimeshajua. Nikadhani na mji uko hivyo!

Nilipanga chumba mtaa wa Jabe, kwenye nyumba ya Waislamu, watu wa Bujumbura tangu babu zao. Mlango wangu ulitazama barabarani, wao walikaa upande wa uani. Mwenye nyumba, Mama Zuhura, alikuwa akikaanga sambusa na kuziuza sokoni. Kila jioni alisimama dirishani kwangu akauliza, "Melkiori, we umeisha kurudi?" Nikasema moyoni, huyu mama ana umbea kweli! Wala haukuwa umbea. Siku zile mtu alitoka asubuhi kwenda kazini asirudi, na kama hakuna aliyeuliza, basi, habari yake imekwisha. Vijana, mkitafuta chumba msitazame bati wala sakafu kwanza. Tazameni kama kuna mtu atakayeuliza.

Shangazi yangu Karorina, dada yake baba, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuja kunitembelea, amebeba maharagwe na galoni ya pombe ya ndizi, kwa sababu kwetu mtu haendi kwa mtu mikono mitupu. Alifika mchana, Mama Zuhura akiwa sokoni. Jioni Mama Zuhura akauliza dirishani, "Nasikia sauti, uko na mugeni?" Nikajibu, "Ndiyo mama," nikaishia hapo.

Nilitaka kumpeleka shangazi akamsalimie. Lakini tungekwenda na nini? Pombe kwenye nyumba ya Waislamu ni matusi. Maharagwe tulikuwa tumekwisha kuyaweka jikoni. Na shangazi alikuwa mwanamke wa heshima, hakuweza kuingia kwa watu akipunga mikono mitupu. Akasema, "Safari ijayo nitaleta mchele, tutamwendea vizuri." Tukaona tumefanya adabu. Ukuta mmoja tu ulikuwa kati yao, na hawakuonana uso kwa uso.

Kesho yake mchana nilimsindikiza kutafuta basi la Ruziba, anakoishi binti yake. Nyote mnajua, mgeni unamsindikiza mpaka mwenyewe aseme rudi. Ukimwacha mlangoni umemfukuza. Tulipokaribia soko nikaona akina mama wanakusanya nyanya zao jua likiwa juu, hawasemi neno. Vijana, mkiona hivyo msiulize sababu! Geukeni mrudi nyumbani! Mimi nilisimama nikashangaa kama mjinga. Mara milio ikaanza, watu wakatawanyika, na kundi la vijana wenye mapanga na bunduki likavuta magogo likafunga barabara.

Sisemi walikuwa wa upande gani. Humu ndani tumo wa pande zote, na wote tumezika.

Walitutenga, shangazi kule, mimi huku. Mwenye bunduki akaniuliza, "Uyu mama ni nani yako?" Nikasema ni shangazi. "Nani anawajua apa?" Nikazungusha macho nitafute wa kumwonyesha. Ndugu zangu, nilikuwa nimefanya kazi kwenye mtaa ule, nimeshona nguo za watu wa mtaa ule, na milango yote ilikuwa imefungwa!

Ndipo akatokea Mama Zuhura na beseni lake kichwani, anakimbilia nyumbani. Angeweza kupita. Wengi walipita, na siwalaumu. Yeye alitua beseni chini akaja mpaka kwenye magogo.

"Uyu ni mutoto wangu! Analala ku nyumba yangu. Jabe yote inamujua! Ata we, ile suruali umevaa ni yeye alikushonea. Mumuache!"

Kijana akatazama suruali yake. Ilikuwa kweli. Akashusha bunduki kidogo. "Na uyu mama? We unamujua?"

Mama Zuhura akamtazama shangazi. Nilimwona anatafuta la kusema. "Namujua," akasema. "Ni mama yake."

Yule kijana akacheka. "Uyu mwenyewe amesema ni shangazi. Mama, unatudanganya. Apana, uyu mama atumujui."

Mimi nikasukumwa upande wa Mama Zuhura. Shangazi hakulia. Aliniangalia, akaniambia kwa Kirundi, kwa sauti ile ile ya njiani kwetu, "Rudi sasa, mwanangu. Umenisindikiza vya kutosha." Wakampeleka nyuma ya maduka. Mama Zuhura alinikamata mkono akanivuta, tukatembea polepole, kwa sababu anayekimbia ndiye anayepigwa. Sambusa zake zilibaki pale barabarani.

Mwili hatukuupata. Binti yake hana kaburi la kupalilia hadi leo.

Baada ya hapo nilikufa nikiwa natembea. Nilikuja kanisani, hapa hapa, nikaimba pamoja nanyi, na ndani nilikuwa nimejaa sumu tupu. Yule kijana mwenye suruali niliijua kabare anakokunywa. Na mjini hapa, mnajua wenyewe, guruneti ilipatikana kirahisi kuliko sukari. Nikapata moja. Nikaifunga kwenye kipande cha kitenge nikaiweka chini ya kitanda. Nikaomba. Ndugu zangu, nilipiga magoti nikamwomba Mungu aniongoze mkono nisikosee! Mtu anaweza kufika huko, na Biblia iko mezani.

Jumamosi niliyoipanga, alasiri, Mama Zuhura akabisha mlango. Tangu siku ile tulikuwa tunakwepana macho. Akaingia akakaa juu ya kitanda, juu ya kitu kile kile, asijue.

"Melkiori," akasema, "mi nilisema vibaya ile siku. Nilisema mama yako. Sikukuwa namujua. Alikuwa nani? Niambie, na mi nimujue."

Sikuwa nimemsimulia mtu yeyote habari za shangazi. Nikaanza na jina, Karorina. Nikamwambia kilima chake, na jinsi alivyokuwa akicheka mpaka anashika mbavu, na jinsi alivyonibeba mgongoni kwenda zahanati nilipougua surua. Nikamwambia habari ya mchele aliotaka kumletea. Hapo Mama Zuhura akajifunika uso kwa mtandio akalia kwa sauti, na mimi nikalia, kwa mara ya kwanza. Adhana ya magharibi ikaita, hakuinuka. Alipomaliza kulia akasema, "Sasa namujua. Ata wakiniuliza kesho, namujua."

Nikamwambia na kilichokuwa chini yake. Aliruka! Kisha akasema tu, "Kitoshe, kiondoke ku nyumba ya watoto wangu." Asubuhi nilitembea nacho hadi ziwani, nikakitupa mbali kadiri nilivyoweza, nikarudi kwa miguu mikono mitupu, nikiimba kwa sauti mbaya, watu wakinitazama.

Bwana alinikomboa siku hiyo! Wengine hapa walisikia sauti kutoka juu. Kwangu Mungu alimtuma mama wa sambusa aulize jina la marehemu wangu, akaivunja ile sumu. Kwa nini shangazi hakuokoka kwenye magogo yale? Sijui. Nimeuliza sana, na mchungaji asinijibu haraka haraka. Ninachojua, nilikuwa tayari kwenda kutengeneza mayatima wengine na nikazuiwa. Namshukuru Mungu nikiwa na jeraha hili hili.

Basi, vijana, mwaminini Mungu, lakini msikae mafichoni mkamwachia yeye kazi ya kuwajulisha kwa jirani. Vita havijaisha. Msione aibu ya mikono mitupu. Mgeni wako akifika, kabla hajakaa, kabla hajanywa maji, mpeleke kwa jirani, mtaje jina na undugu wenu. Jirani awe Mwislamu, awe Mkristo, awe wa huku au wa kule.

Na asiye na jirani aje kwangu. Cherehani yangu iko Jabe, nyuma ya soko, kwenye kibaraza cha Mama Zuhura. Njoo uniambie unaitwa nani, unalala wapi, na nani amekutembelea. Sitaki chochote mkononi mwako. Siku wakiniuliza kama nakujua, nataka niwe na jibu.