Binti Anayesomea Satelaiti

Gari la Musoma lilikuwa limeshatoka Bunda. Sabina akajifanya anatazama mashamba ya pamba, kumbe masikio yako kiti cha mbele, ambako mzee Machage alikuwa akimweleza katekista wa Nyasho, Musoma, waliyekutana naye humo humo, habari za binti yake anayesomea satelaiti Urusi.

"Kule ni vita, na hataki kurudi."

"Watu wanauana huku chini, yeye anatafuta nini angani, mzee wangu?"

"Nilikuwaga nauliza hivyo hivyo. Jana akaniambia kwa simu, 'Baba, kwenye picha za kutoka juu Butiama haionekani, lakini najua wewe upo hapo.'"

"Hiyo ndiyo imani."

"Kama ni imani, mbona naogopa?"

 Sabina akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Gari liliposimama njia panda ya Butiama, katekista, ambaye nauli yake ilikuwa ya kufika Musoma, akabeba mfuko wa mzee, akashuka naye.