Kulaliwa na Mzee Vumbi

Benchi la kahawa la Sadik limeegemea ukuta wa duka la pikipiki pale Garsen, na wenye benchi wanajulikana. Kuna Levis, fundi wa pikipiki, anayeitwa Spika kwa sababu ndiye agawaye zamu za kuongea, na nyingi hujigawia mwenyewe. Kuna Kalla, mfugaji wa Kiorma aliyehamia kwenye pikipiki, na ambaye mpaka leo ikikataa kuwaka huipigia mluzi. Na kuna Komora, dereva wa bodaboda, ambaye mji mzima humwita Breki. Duka lenyewe lilikuwa limefungwa tangu Mzee Jefwa azikwe. Mzee Jefwa aliuza pikipiki hapo miaka na mikaka, na ujanani alikuwa bingwa wa mashindano ya pikipiki. Wenzake walimbandika jina la Vumbi, maana hicho ndicho kitu chake pekee walichowahi kukiona barabarani.

Mzee hakumuuzia mtu pikipiki hivi hivi. Ulimpakia nyuma ukampeleka Minjila na kumrudisha, mikono yake ameitumbukiza kwenye mifuko ya jaketi lako. Akisinzia njiani, pikipiki ni yako. Akirudi macho makavu, anakwambia ujaribu siku nyingine. Kwingine mteja akilaliwa na mwenye duka, basi kaibiwa. Garsen kulaliwa ndiyo sifa, na akina mama hawapandi bodaboda kabla ya kuuliza, "Wewe, Mzee amekulalia?" Komora alikuwa amembeba hadi akaacha kuhesabu, na kila mara Mzee alishuka macho makavu, akamshukuru kwa heshima zote. Mpaka ile safari ya mwisho.

Asubuhi hiyo gumzo lilikuwa moja. Everline, binti wa Mzee, alikuwa amefika kutoka Mombasa kulifunga duka moja kwa moja, na ndani ilibaki pikipiki moja tu. Alikuwa ametoa neno kwamba ataiuza kwa sharti la baba yake, basi. Spika na Kalla walilaliwa zamani, na kila mmoja ana pikipiki yake. Aliyekuwa akiendesha pikipiki ya mtu ni Komora.

— Huyu kalaliwa, alisema Spika. Alipita hapa na Mzee, kichwa kimeegemea mgongoni. Si tulipiga makofi?

— Mimi hata nilisimama, alisema Kalla.

Ilikuwa kweli. Siku ile walipotoka Minjila, Komora alihisi kichwa cha Mzee kikimtua mgongoni, na furaha ikamjaa mpaka akasahau njia. Alilipita duka bila kusimama ili asimwamshe. Akazunguka soko, akapita msikitini, akapita kanisani, akawanyooshea watu kidole gumba. Aliposimama hatimaye mbele ya duka, Mzee hakushuka. Daktari alisema moyo ulisimama njiani. Njiani sehemu gani, hakusema.

Spika alianza kutetea hoja yake kitaalamu. Mzee, alisema, alikuwa na sikio la mashindano. Ukibadilisha gia vibaya, sikio linamwamsha. Ukibadilisha vizuri, linamruhusu alale. Kwa hiyo siku ile Breki alibadilisha vizuri.

Kalla alisema sikio halihusiki. Yeye alisikia kwa watu wa Bura kwamba Mzee alishinda mashindano ya kule akiwa usingizini. Walikimbia juu ya tuta la mfereji wa maji ya mashamba, wenzake wote waliokuwa macho wakatumbukia, yeye akafika mwisho, akaamka, akaagiza chai.

— Nani alimwona amelala? aliuliza Spika.

— Waliokuwa ndani ya maji, alijibu Kalla.

Sadik aliweka dele la kahawa chini, akasema wote wamepotea. Marehemu mke wa Mzee alipata kumwambia kwamba mumewe hakuwahi kupata usingizi kitandani. Tangu aache mashindano, kitu kisichotembea hakikumlaza. Duka alifungua kwa ajili hiyo. Pikipiki zilikuwa kisingizio tu. Mzee alikuwa akitafuta pa kulala.

Spika akatoa uamuzi kwamba, kama ni hivyo, aliyemfikisha Mzee kwenye usingizi mrefu kuliko wote ni Breki, na haki ni apewe pikipiki mbili.

Komora hakucheka. Pikipiki aliitaka, tena sana, lakini alimtaka Mzee zaidi. Kila akikaa kwenye usukani mgongo wake ulikumbuka uzito ule, na hakujua autie kwenye furaha au kwenye msiba.

Everline alitokea na funguo mkononi, amejifunga leso nyeusi, macho mekundu. Walimpa pole upya, wakampisha kwenye benchi. Tangu mazishi alikuwa hajapata usingizi, na hakuficha. Spika alimweleza kesi yote kuanzia sikio hadi mfereji, naye akasikiliza bila kugusa kahawa. Kisha akamgeukia Komora.

— Kaka Komora, alilala kwanza, au alikufa kwanza?

Sadik akachungulia ndani ya dele. Kalla alianza kusema kitu kwa Kiorma, akakiacha. Spika, kwa mara ya kwanza tangu benchi liwekwe, hakumpa mtu zamu, hata yeye mwenyewe.

— Sijui, dada, alisema Komora. Natamani ningejua.

— Hakusema kitu?

— Alisema, pale kwenye matuta ya barabarani. Nilikanyaga breki, akaniambia, "Polepole, Breki. Hakuna anayetufukuza." Baada ya hapo alinyamaza.

Everline alijifunika uso kwa leso, akacheka, kisha akalia, na kwa muda haikujulikana ni kipi kati ya hivyo viwili. Aliponyanyuka alifungua duka, akaitoa pikipiki ile nje, akampa Komora ufunguo.

— Nibebe mpaka Minjila.

Alipanda nyuma, akatumbukiza mikono kwenye mifuko ya jaketi la Komora bila kuambiwa. Komora akaondoka. Alikanyaga breki kwa ajili ya mbuzi, akakanyaga kwa ajili ya kuku, akakanyaga kwa ajili ya mfuko wa plastiki uliopeperuka. Baada ya matuta barabara ilinyooka, na bila kupenda akaanza kuendesha. Upepo ulikuwa mzuri. Hapo ndipo kichwa kilipomtua mgongoni, polepole, mahali palepale.

Mguu ulikanyaga wenyewe. Akasimama kando ya barabara, injini ikiunguruma, hathubutu kugeuka.

— Dada Everline.

Lori la ng'ombe likapita, likawaachia vumbi.

— Dada. Tafadhali.

— Si nilikuwa nimelala, alisema Everline kwa ukali. Mbona umesimama?